Chemsha maziwa bila hofu, nguvu zake hazitapotea

JE, maziwa yakichemshwa hupoteza nguvu? Hili ni mojawapo ya maswali ambayo sisi madaktari huulizwa mara kwa mara, hasa na wazazi wa watoto wadogo. Wapo wanaoshikilia kwamba maziwa halisi ni yale yanywewayo yakiwa bado na joto la kiwele, na kwamba moto huyaua. Wengine huyapasha tu mpaka yaanze kutoa mvuke, kisha huepua upesi wakiamini kwamba wameokoa vitamini.

Wiki hii, mpenzi msomaji, tutalijibu swali hilo kwa njia ambayo huenda hukuitarajia. Tutaingia ndani ya tone la maziwa na kulitazama kwa jicho la wanafizikia, jicho ambalo halitumii mwanga bali nyutroni. Usiogope jina hilo. Ukifika mwisho wa makala haya utakuwa umejua kwa nini sufuria ya jikoni kwako ni rafiki wa maziwa, na pia ni hatari zipi ambazo sufuria hiyo haiwezi kuziondoa.

MAZIWA YATOKAKO

Chukua mfano wa Likuyani, eneo lililo kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, likipakana na Uasin Gishu na Trans Nzoia. Nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, na wakati wa uhuru iligawanywa kwa wakulima Waafrika katika ule mpango mkubwa wa ekari milioni moja. Tangu hapo wakazi wake wamejulikana kwa mambo mawili: mahindi na ng'ombe wa gredi. Ukizunguka Kongoni, Sango, Sinoko au Nzoia, utaona shamba la mahindi, na kando yake boma lenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa.

Sehemu ya maziwa hayo hupelekwa katika vituo vya kupozea, yakapimwa na kuelekea kiwandani. Sehemu nyingine hubebwa kwa baiskeli na bodaboda hadi Matunda, Moi's Bridge, Kitale na Eldoret, yakauzwa mlango kwa mlango yakiwa mabichi. Hali ni hiyo hiyo katika sehemu nyingi za nchi. Sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa nchini Kenya haipitii kiwandani hata kidogo. Kwa hiyo wewe unayesoma makala haya mjini, huku umeshika kikombe cha chai, ndiwe kiwanda. Usipoyachemsha wewe, huenda hakuna mwingine aliyeyachemsha.

Na maziwa mabichi yana mambo yake. Yanaweza kubeba viini vya kifua kikuu cha ng'ombe, viini vya kuhara na kutapika, na viini vya bruselosisi, ugonjwa ambao humfanya ng'ombe atupe mimba. Bruselosisi kwa binadamu ni adui mjanja. Huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu usioisha. Kwa wanaume wengine huvimbisha korodani. Aghalabu mgonjwa hudhaniwa kuwa ana malaria au homa ya matumbo, akatibiwa hiki na kile bila nafuu. Hata ukigunduliwa, tiba yake ya kawaida ni mseto wa dawa zaidi ya moja kwa muda wa wiki sita. Yote hayo kwa kukwepa moto wa dakika chache!

CHEMBE NDANI YA TONE

Ukiyatazama maziwa utadhani ni maji meupe. Sivyo. Maziwa ni maji ambamo vitu vingi vinaelea: matone ya mafuta, sukari iliyoyeyuka, chumvi, na protini. Protini iliyo nyingi zaidi huitwa kaseini. Hiyo peke yake ni karibu asilimia 80 ya protini yote ya maziwa ya ng'ombe.

Kaseini haielei ovyo ovyo. Hujikusanya katika chembe za mviringo ambazo, kwa wastani, hazizidi sana nanomita 150 kwa upana. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni moja. Kwa hesabu nyingine, ukizipanga chembe 6,000 kwa mstari mmoja, hazitafika hata milimita moja. Chembe hizo pamoja na matone ya mafuta ndizo zinazotawanya mwanga na kuyafanya maziwa yawe meupe. Ndiyo maana hata maziwa yaliyoondolewa mafuta bado ni meupe.

Sasa, ndani ya chembe hizo ndimo lilimo jambo kubwa kwa afya ya mifupa na meno. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina zaidi ya gramu moja ya kalsiamu. Kiasi hicho hakiwezi kuyeyuka katika maji hivi hivi. Kingeganda, kama ule ukoko mweupe unaoshika ndani ya birika, na kiwele cha ng'ombe kingejaa mawe. Lakini hakigandi, kwa sababu karibu thuluthi mbili ya kalsiamu hiyo imefichwa ndani ya chembe za kaseini.

Imefichwaje? Hilo ndilo swali lililowasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Hadubini ya kawaida haiwezi kuonyesha kitu kidogo kiasi hicho. Hadubini ya elektroni inaweza, lakini aghalabu huhitaji maziwa yakaushwe au yagandishwe kwanza, na maziwa yaliyokaushwa si maziwa tena. Ndipo wakageukia nyutroni.

JICHO LISILOTUMIA MWANGA

Kila atomu ina kiini, na ndani ya kiini mna chembe ziitwazo protoni na nyutroni. Nyutroni iligunduliwa na Mwingereza James Chadwick mwaka 1932. Haina umeme wowote, kwa hiyo hupenya ndani ya vitu bila kuzuiwa na elektroni zilizo njiani, mpaka igonge kiini cha atomu na kubadilisha njia. Wanaochunguza vitu kwa njia hii hupitisha mkondo wa nyutroni ndani ya maziwa, kisha wakapima zimetawanyika kwa pembe gani.

Ili uielewe pembe hiyo, fanya jaribio dogo usiku wa leo. Tazama taa ya barabarani kupitia kitambaa chepesi cha pazia. Utaona mwanga wa taa umetawanyika pande zote. Nyuzi za kitambaa zikiwa karibu sana, mwanga hutawanyika kwa upana. Zikiwa mbalimbali, mwanga hutawanyika kidogo tu kando ya taa. Kanuni ni hiyo kwa nyutroni: jinsi kitu kilivyo kikubwa ndivyo pembe inavyokuwa ndogo. Chembe ya maziwa ni kubwa mno ikilinganishwa na atomu, hivyo hutawanya nyutroni kwa pembe ndogo sana, pengine chini ya digrii moja. Ndiyo sababu njia hii ikaitwa mtawanyiko wa nyutroni kwa pembe ndogo.

Pembe ndogo kama hiyo huhitaji chombo kirefu. Katika Taasisi ya Laue-Langevin iliyoko Grenoble, Ufaransa, ambayo ilianzishwa mwaka 1967, kipo chombo ambacho kipokezi chake chaweza kuwekwa karibu mita 40 kutoka mahali maziwa yalipo. Nyutroni zake hutoka katika kinu cha nyuklia, zikapozwa kwa kimiminiko chenye ubaridi wa karibu nyuzi 250 chini ya sufuri ili zipunguze kasi.

MAHINDI JUU YA TURUBAI

Lakini ubora wa nyutroni hauko katika kupenya tu. Uko katika ujanja mmoja ambao mkulima yeyote wa Likuyani angeuelewa mara moja.

Tuseme umechanganya mahindi meupe na ya manjano. Ukiyaanika juu ya turubai jeupe kisha ukasimama mbali, yale meupe yatapotea machoni na utaona ya manjano peke yake. Ukiyahamishia juu ya turubai la manjano, ya manjano yatapotea na meupe yatajitokeza. Mahindi hayakubadilika. Ulichobadilisha ni turubai.

Kwa nyutroni, turubai ni maji. Kuna maji ya kawaida, na kuna maji mazito, ambayo haidrojeni yake ina nyutroni moja ya ziada katika kiini. Kwa macho na kwa ulimi huwezi kuyatofautisha kwa urahisi, bali nyutroni huyaona kama usiku na mchana. Mtaalamu akichanganya maji mazito kwa kiasi cha karibu asilimia 40, protini hupotea na vitu vingine kama kalsiamu vikajitokeza. Akiyapunguza zaidi, mafuta ndiyo hupotea. Hivyo huweza kutazama sehemu moja baada ya nyingine ndani ya maziwa yale yale, yakiwa bado majimaji kama yalivyotoka kwa ng'ombe.

Huenda ukauliza, je, maziwa hayo hayana mionzi? Yale yanayochunguzwa hayanywewi na mtu, wala hayarudi sokoni. Kikombe chako hakihusiki.

Tena isidhaniwe kwamba vinu vya aina hii ni vya Wazungu pekee. Kinu cha kwanza cha utafiti barani Afrika kilianza kazi Kinshasa, Kongo, mwaka 1959. Kile cha SAFARI-1, karibu na Pretoria, Afrika Kusini, kilianza mwaka 1965, na mbali na utafiti hutoa malighafi ya dawa za mionzi zinazotumiwa hospitalini kuchunguza moyo, mifupa na saratani. Kenya haina kinu cha utafiti, ingawa wakala wa serikali unaoshughulikia nishati ya nyuklia umetangaza nia ya kujenga. Na mbinu hii si ya maziwa tu. Imetumika pia kuchunguza vijipovu vya mafuta vinavyobeba mRNA, vya aina ile iliyotumiwa katika baadhi ya chanjo za Covid-19 kuanzia mwisho wa mwaka 2020.

WALICHOKIONA

Wataalamu walibishana kwa muda mrefu. Wengine walisema chembe ya kaseini ni kama fungu la zabibu, yaani vijichembe vingi vilivyoshikana. Wengine wakasema ni kama sifongo. Nyutroni, zikisaidiwa na eksirei na hadubini, zimewafanya wengi waelekee upande wa sifongo. Nyuzi za kaseini zimesokotana kwa ulegevu, zikinywa maji mengi, takriban gramu tatu hadi nne za maji kwa kila gramu ya protini. Ndani ya sifongo hiyo yametawanyika mafundo madogo sana ya kalsiamu na fosfeti, yenye upana wa nanomita chache tu, na nyuzi za kaseini zimeyashikilia yasikue yakawa mawe. Nje ya chembe kuna vinyweleo vya kaseini ya aina nyingine, ambavyo huzizuia chembe zisigusane na kugandana.

Shika mambo hayo mawili, msomaji wangu: sifongo iliyolegea ndani, na vinyweleo nje. Yote yatakayofuata yanatokana nayo.

MOTO HUFANYA NINI?

Protini nyingi zimekunjwa kama uzi katika donge. Moto hulifungua donge hilo, na ndivyo ute wa yai unavyogeuka kuwa mweupe na mgumu. Lakini kaseini haina donge la kufunguliwa. Ni kama kamba ya katani iliyokwisha kulegea. Ndiyo maana chembe zake huvumilia maji yanayotokota na kubaki chembe.

Na kalsiamu je? Joto halitoi kalsiamu ndani ya chembe na kuimwaga. Kinyume chake, sehemu ya ile iliyokuwa imeyeyuka katika maji husukumwa kuingia ndani ya chembe, na maziwa yakipoa sehemu kubwa hurudi ilikotoka. Hata ile inayoshika chini ya sufuria ni kidogo.

Zile protini nyingine, zilizo katika maji ya rangi ya kijani-manjano yanayobaki maziwa yakiganda, ndizo hufunguka joto likipita nyuzi 70 hivi. Nyingi hujishikiza kwenye vinyweleo vya kaseini, na nyingine huenda juu pamoja na mafuta zikawa utando. Kufunguka si kupotea. Je, yai lililochemshwa limepoteza nguvu? Hasha. Mwili wako ungezifungua protini hizo tumboni kwa vyovyote vile. Basi usiutupe utando, ukoroge urudi ndani.

Ni kweli kwamba baadhi ya vitamini hupungua, hasa vitamini C na baadhi za kundi la B. Lakini maziwa hayakuwa na vitamini C nyingi tangu mwanzo. Chungwa moja au sukuma wiki kidogo hulipa pengo hilo. Bruselosisi hailipwi kwa chungwa.

KWA NINI MAZIWA HUKATIKA

Hapa pia ule unyweleo unatufunza jambo. Maziwa yakikaa kwenye joto, bakteria hula sukari yake na kutoa asidi. Asidi hupunguza nguvu ya vinyweleo na kuyeyusha mafundo ya kalsiamu ndani ya chembe. Bado kwa macho maziwa ni mazuri. Ukiyaweka motoni, chembe hugandana ghafla na maziwa yakakatika. Kwa hiyo maziwa yakikatika motoni usiulaumu moto. Moto umekufichulia siri ya mwuzaji.

Ndilo jambo linalofanyika katika vituo vya kupozea maziwa. Mpokeaji huchanganya maziwa kidogo na spiriti. Spiriti huvilaza vinyweleo, na kama maziwa yamekwisha kuanza kuchacha, hugandana papo hapo na mkulima hurudishwa na mtungi wake.

Maziwa ya mala na mursik hufuata kanuni hiyo hiyo kwa hiari: asidi huzikutanisha chembe taratibu mpaka yakawa mazito. Ni chakula kizuri, na wengi ambao tumbo lao halipatani na maziwa matamu huyavumilia. Lakini uchachu peke yake si kinga ya kutegemewa dhidi ya bruselosisi na kifua kikuu. Chemsha kwanza, pooza, kisha ndipo uyagandishe.

MOTO NAO UNA MPAKA

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Moto huua viini, lakini hauondoi sumu. Na sumu moja huanzia shambani.

Mahindi yanapovunwa wakati wa mvua au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, huota kuvu. Kuvu wengine hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo ndiyo iliyowaua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Mahindi yaliyooza hayauziki, na mkulima huona hasara kuyatupa, basi humpa ng'ombe. Ng'ombe hula, na sehemu ya sumu hiyo, ikiwa imebadilika umbo kidogo, hutokea katika maziwa. Huko hushikana na nani? Na kaseini hiyo hiyo! Haitoki kwa kuchemshwa, wala kwa kugandishwa, na ukitengeneza jibini sumu huzidi kukusanyika humo. Sumu hii huharibu ini, na wanaokunywa maziwa mengi zaidi kwa uzito wao ni watoto.

Ndivyo ilivyo pia kwa mabaki ya dawa. Ng'ombe akidungwa dawa ya viini, maziwa yake hayafai kuuzwa mpaka siku alizoagiza daktari wa mifugo zipite. Sufuria haitakusaidia hapo.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Maziwa mabichi yachemshe mpaka yatokote na kupanda, ukiyakoroga, kisha epua. Viwandani hutumia nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu, kwa hiyo huna haja ya kuyachemsha nusu saa.

2. Yafunike, yapooze upesi, na uyaweke mahali pa baridi pasipo jua. Mwanga wa jua huharibu vitamini B2, ambayo moto huiacha salama.

3. Maziwa ya pakiti yamekwisha kupitishwa motoni. Yale ya mashine za mtaani yanatakiwa yawe hivyo pia, lakini muulize mwenye mashine. Ukiwa na shaka, chemsha.

4. Mtoto asiyefika miezi sita apewe maziwa ya mama pekee. Maziwa ya ng'ombe yana protini karibu mara tatu ya yale ya mama, na chembe zake hutengeneza mabonge magumu tumboni mwa mtoto mchanga.

5. Ukiwa na ng'ombe, au ndugu zako wa mashambani wakiwa nao, waambie mahindi yaliyoota kuvu si chakula cha mtu wala cha mnyama. Wakaushe mahindi vizuri kabla ya kuyaweka ghalani.

6. Homa isiyoisha, yenye jasho la usiku na maumivu ya mgongo, usiitibu kwa kubahatisha dukani. Nenda hospitali, na umwambie daktari kama unakunywa maziwa mabichi au unafanya kazi na mifugo.

Wataalamu wa Grenoble walihitaji kinu cha nyuklia ili waione chembe ya maziwa. Wewe wahitaji sufuria, moto, na kuangalia yasimwagike.